Sauti za punje kwenye sinthesaiza ya moduli: analogi tupu, moduli ya dijitali au kompyuta?

Chukua ungo, mimina mchele kidogo, anza kupeta taratibu huku umeinamisha sikio. Punje mojamoja inagonga, tak, tak, tak, unaweza hata kuzihesabu. Sasa ongeza kasi. Zile tak zinapotea, inabaki shaaa moja ndefu kama mvua inakuja kutoka mbali. Punje ni zilezile, kilichobadilika ni ngapi zinagonga kwa sekunde na zinapishanaje. Kayamba nayo ni hivyohivyo, mbegu kibao ndani ya matete, hakuna anayesikia mbegu moja, unasikia wingu.

Sauti za punje kwenye sinthesaiza ndo hiyo hiyo habari. Unachukua visauti vifupi sana, kila kimoja kati ya milisekunde 1 na 100 hivi, unavimwaga kwa wingi, sikio linaunganisha lenyewe. Na watu wengi wenye kesi ya moduli (sanduku la vifaa vidogovidogo vya sauti unavyoviunganisha kwa waya), au wanaojichanga wanunue, wanakwama palepale: nijenge punje kwa moduli za analogi tupu, ninunue moduli moja ya dijitali inayofanya kazi yote, au nibaki kwenye kompyuta? Nimezipitia zote tatu, na kiukweli zinajibu maswali tofauti, kwa hiyo nitaziweka sambamba kisha wewe uangalie uko upande gani.

Kwanza tuondoe dhana moja, kwamba punje ni mambo ya kompyuta tu. Mwanafizikia Dennis Gabor aliandika mwaka 1947 kwamba sauti yoyote inaweza kutazamwa kama mkusanyiko wa vipande vidogo, kisha mtunzi Iannis Xenakis akalichukua wazo hilo akaliingiza kwenye muziki. Mwaka 1959 alikuwa anatumia mkanda, anakata vipande vifupi vya sauti za jenereta ya mawimbi ya sauti na kuviunganisha kwa mkono, hakuna kompyuta hapo. Na mwaka mmoja kabla, kwa ajili ya banda la Philips kwenye maonesho ya Brussels, alitengeneza kipande kizima kutokana na sauti ya mkaa unaowaka. Mkaa! Ile mialiko midogo, yaani zile tak za mkaa kwenye jiko unalopikia maharage. Tangu nijue hilo, kila nikijaribu kifaa cha punje natumia rekodi ya jiko la mkaa la nyumbani kama kipimo, na nimefanya hivyo kwa njia zote tatu.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vitano, na ndo nitakavyovifuata kwa kila njia.

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni chanzo, yaani punje inatoka wapi: unaizalisha wewe kutoka kwenye osileta (kifaa kinachozalisha wimbi la sauti), au unaikata kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa? Watu wengi wanaruka swali hili halafu wanalia baadaye. Cha pili ni wingi na kupishana, punje ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. Cha tatu ni mkono, unaishikaje ukiwa unapiga. Cha nne ni sauti yenyewe masikioni. Cha tano ni hela, umeme na nafasi.

Njia ya kwanza: analogi tupu

Chanzo. Saketi ya analogi haina kumbukumbu, shika hilo kabla ya yote. VCO (osileta inayoongozwa na volteji) inalia sasa hivi, filta inachuja sasa hivi, kilichopita kimepita. Kwa hiyo huwezi kuiambia "nirudishie ule mwaliko wa mkaa wa sekunde mbili zilizopita". Ukichomeka rekodi yako kwenye VCA (inayopandisha na kushusha sauti kwa volteji) na kuikatakata kwa envelopu (volteji inayopanda na kushuka kila ikiamshwa) utapata vipande kweli, lakini vinatoka kwa mpangilio wake na kwa pichi yake (ujuu wa sauti), hakuna kurudi nyuma wala kuchanganya. Unachoweza ni kuzalisha punje mpya kutoka sifuri, na hapo analogi ina utajiri wake.

Pachi yenyewe (namna ya kuunganisha moduli kwa waya) inaenda hivi. VCO, wimbi la saini (sine) au pembetatu, inaingia VCA, VCA inaenda kwenye spika. VCA inafunguliwa na envelopu ya kupanda na kushuka tu, kupanda milisekunde 2 mpaka 5, kushuka milisekunde 10 mpaka 50. Maths ya Make Noise inafaa, na envelopu nyingine yoyote yenye kasi pia. Halafu chukua noizi (ile shaaa isiyo na noti) ipeleke kwenye S&H (ile inayoshika volteji moja na kutoiachia mpaka triga nyingine, yaani mpigo mfupi wa volteji, ije), na triga inayoamsha envelopu iamshe na S&H pia, matokeo ya S&H yaende kwenye pichi ya VCO kupitia atenyueta (nobu ya kupunguza volteji). Basi, kila punje inatoka na pichi yake.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu. Wanachukua LFO (osileta ya polepole) wanaifanya kloku ya kupiga triga kwa mpangilio, wanaongeza kasi, ikifika mara 50 kwa sekunde wanashangaa mbona hakuna wingu, kuna mngurumo kama wa transfoma. Ni kwa sababu kitu chochote kinachojirudia sawasawa zaidi ya mara 20 hivi kwa sekunde sikio linakisikia kama noti, na hapo umetengeneza noti ya Hz 50. Ungo hauna kloku! Punje za mchele zinaanguka ovyo, na wewe unatakiwa uzivuruge hivyo. Chukua noizi nyingine, ipitishe kwenye filta ya kuondoa juu ili ipungue kasi, kisha iingie kwenye komparata, mfano A-167 ya Doepfer. Kila noizi inaporuka juu ya kizingiti komparata inatoa triga. Pandisha kizingiti juu, punje chache, tak... taktak... tak. Shusha, zinamwagika. Nobu moja imekuwa kasi ya mkono wako kwenye ungo, na nilipoipata mara ya kwanza nilikaa nayo usiku mzima bila kugusa kitu kingine.

Jambo lingine la namba: saini ya Hz 100 inahitaji milisekunde 10 kumaliza mzunguko mmoja. Ukiikata punje ya milisekunde 5 hujaipa hata mzunguko kamili, kwa hiyo hutasikia pichi, utasikia mlio wa kugonga tu, tok. Punje fupi zinataka pichi za juu, Hz 1000 kwa milisekunde 10 ni mizunguko 10 na hapo sikio linasema hii ni noti. Ukitaka punje za besi zirefushe. Na usitumie lowpass gate (filta na VCA kwa pamoja) yenye vaktroli (taa ndogo na kipande kinachohisi mwanga wake) kwa punje fupi, vaktroli inachelewa kuzima, mikia inashikana na unapata ngoma za mianzi, nzuri sana kwa kazi nyingine lakini sio hii.

Wingi na kupishana. Hapa analogi inabanwa. Sauti moja ni punje moja kwa wakati, triga ikija kabla ya punje kuisha inaikata au inaianzisha upya, na S&H ikibadilika mkia ukiwa bado unalia utasikia pichi inaruka katikati. Kupata kupishana kwa kweli unahitaji VCO nyingine, VCA nyingine, envelopu nyingine, komparata nyingine. Sauti mbili, moja kushoto moja kulia, tayari zinaleta uhai. Njia ya mkato ni dilei (kichelewesha sauti) ya BBD mwishoni, hiyo ni chipu ya analogi inayopasishana chaji kutoka ndoo hadi ndoo, na ndo kitu pekee humu ndani kinachokaribia kuwa na kumbukumbu. Chipu ya MN3005 ina hatua 4096, ukiiendesha kwa kloku ya kHz 10 inachelewesha milisekunde 204.8, fupi, lakini inatosha punje zako zirudi mara mbili tatu. Na kloku yake ukiitikisa kwa S&H punje zinazorudi zinapinda pichi.

Mkono. Kila kitu kina nobu yake na kila nobu ina kazi moja. Ubaya, kubadilisha tabia nzima ya wingu inabidi uguse sehemu nne kwa pamoja, na ukichomoa pachi kuirudisha vilevile ni bahati.

Sauti. VCO haisubiri triga, inazunguka yenyewe muda wote, kwa hiyo kila punje inakatwa mahali tofauti pa wimbi na hakuna mbili zinazofanana kabisa. Unasikia kama kitu kinachotokea kweli. Jiko la mkaa nililijaribu hivi: nikaacha VCO kabisa, nikaweka noizi kwenye filta yenye rezonansi ya juu (inayokoleza sauti pale inapochujia), envelopu ya milisekunde 3, triga za komparata zikiwa chache. Mke wangu akauliza jikoni kunawaka nini. Haikuwa ile rekodi yangu, ilikuwa jiko jingine kabisa, ila ilikuwa jiko.

Hela, umeme, nafasi. Ukihesabu VCO, VCA, envelopu, noizi, S&H, komparata, filta, hiyo ni nusu ya kesi ya kawaida. Ila hizo moduli zote zina kazi nyingine elfu, sio mali ya punje tu. Umeme ukikatika, ukirudi pachi iko palepale kwa sababu nobu hazikusogea. Joto la Dar linayumbisha VCO mpaka ipate moto vizuri, lakini pichi zako ni za kubahatisha tayari kwa hiyo hakuna atakayejua.

Njia ya pili: moduli ya dijitali ndani ya kesi

Chanzo. Hii ina kumbukumbu na ndo sababu yake ya kuwepo. Unaingiza sauti yoyote, rekodi ya mkaa, kayamba, sauti ya bibi anasimulia, VCO yako mwenyewe, nayo inarekodi kwenye bafa (kumbukumbu yake ya muda) na kuchota punje popote inapotaka. Kama roho yako iko kwenye sauti za mazingira, njia ya watu kama mwanamuziki KMRU, mzaliwa wa Nairobi anayejenga muziki wake juu ya rekodi za mahali, basi hapa ndo kwako, analogi tupu haitakufikisha hata ufanyeje.

Mifano mikubwa ni mitatu. Clouds ya Mutable Instruments, kampuni ya Émilie Gillet kule Paris, ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 2010. Beads ya 2021 ndo iliyoirithi. Kampuni ilifungwa 2022, kwa hiyo hizo mbili ni za mtumba sasa, ila michoro na msimbo wa programu ya Clouds viliachwa wazi kwa umma ndo maana kuna kloni nyingi (nakala za watengenezaji wengine), zingine nyembamba kuliko yenyewe. Ya tatu ni Morphagene ya Make Noise, 2017, hiyo inafikiria kimkanda zaidi, inabeba rekodi ya mpaka dakika 2.9 hivi na inasoma kadi ya SD, unakata mkanda vipande na kurukaruka kati yake.

Wingi na kupishana. Hapa hakuna mjadala, makumi ya punje kwa pamoja kutoka moduli moja, kitu ambacho kwa analogi kingekula ukuta mzima.

Mkono. Clouds imepangwa kwa akili sana. Nobu ya mahali pa kuchota, nobu ya urefu wa punje, nobu ya pichi, nobu ya wingi, nobu ya umbo. Ile ya wingi ikiwa katikati hakuna punje kabisa, ukizungusha kulia zinamwagwa ovyo, ukizungusha kushoto zinakuja kwa mpangilio wa kloku. Yaani lile tatizo la mngurumo nililoeleza juu limewekwa kwenye nobu moja, upande huu mchele, upande ule mashine. Na kuna kitufe cha kugandisha: unakibonyeza, rekodi inasimama, na unabaki unachimba kwenye kipande kilekile. Niligandisha mwaliko mmoja wa mkaa, nikarefusha punje, nikashusha pichi oktavu mbili, ule mwaliko uliokuwa mdogo kama kubana kidole ukawa kitu kizito kama boti inagusa gati. Kila nobu kubwa ina tundu la volteji pia, kwa hiyo S&H na LFO zako za analogi ndo zinakuwa mikono, na kwangu hapo ndo raha ya kuiweka ndani ya kesi badala ya kwenye laptop.

Sauti. Laini, pana, inapendeza haraka. Haraka mno wakati mwingine, ukiweka riverbu yake (mwangwi) kila kitu kinageuka wingu lilelile zuri, na msikilizaji mwenye sikio anaitambua moduli kabla hajautambua muziki wako. Dawa yake ni kuilisha vitu vikavu na kupunguza riverbu mpaka karibu na sifuri.

Hela, umeme, nafasi. Moduli moja ni mamia ya dola, na ukiagiza nje ongeza usafiri, ushuru na VAT, asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya, piga hesabu hiyo kabla hujabonyeza kununua. Za dijitali zinakula mkondo zaidi, Clouds inataka miliampea 120 upande wa volti +12, angalia pawasaplai yako inabeba ngapi. Umeme ukikatika bafa inafutika kama hukuihifadhi. Nafasi, hapa inashinda, upana wa sentimita 9 tu na una kila kitu.

Njia ya tatu: kompyuta

Nitakwenda haraka hapa, sio kwa dharau, ni kwamba maelezo yake mengi yameshatoka juu. VCV Rack ni programu ya moduli za kuchora kwenye skrini, toleo la msingi ni bure, imekuwepo tangu 2017, na ndani yake unapata zile za Mutable zilizobadilishwa majina, Clouds yenyewe inaitwa Texture Synthesizer chini ya Audible Instruments.

Chanzo, vyote viwili: jenga punje kutoka osileta kama njia ya kwanza, au kata rekodi kama ya pili, hata kwa pamoja. Wingi, kiasi ambacho prosesa yako itavumilia, laptop ya zamani itaanza kukatakata sauti kabla wewe hujamaliza mawazo. Mkono ndo udhaifu, mausi moja na nobu moja kwa wakati, na punje zinataka vidole viwili vitatu visogee pamoja, ingawa kontrola ya MIDI ya bei ndogo (kibao cha nobu unachochomeka kwenye kompyuta) inasaidia sana. Sauti, moduli ya Clouds humu inatoka kwenye msimbo uleule kwa hiyo tofauti na kifaa ni ndogo kuliko watu wanavyopenda kusema, wakati osileta za kuiga analogi ziko karibu ila mimi bado nasikia usafi fulani. Na pachi inahifadhiwa, kesho ukifungua iko vilevile, ambalo kwa mtu anayetengeneza wimbo kwa wiki tatu sio jambo dogo.

Hela ni sifuri kama una laptop. Ukija kupata kesi baadaye hupotezi kitu, kadi ya sauti inayopitisha volteji ya DC (iliyotulia, isiyo wimbi) kama ES-8 ya Expert Sleepers inakuwezesha kutoa triga na volteji za kubahatisha kutoka VCV kwenda kwenye moduli halisi. Kadi za kawaida za kurekodia nyingi hazipitishi DC, usije ukachomeka ukadhani moduli imekufa.

Kwa hiyo wewe ni yupi?

Kama hujawahi kugusa moduli na unataka tu kujua punje ni nini, anza kompyuta leo usiku. Jenga ile pachi ya noizi na komparata humo humo, kwa mikono yako, kabla hujafungua Texture Synthesizer, kwa sababu ukishaielewa hiyo kila moduli ya punje utaisoma kama kitabu cha darasa la pili. Ukiwa Nairobi na unataka kujifunza na watu, shirika la Santuri lina mafunzo ya muziki wa elektroniki.

Kama una kesi ya analogi tayari, VCO moja, VCA, envelopu, filta, noizi na S&H, usikimbilie kununua moduli ya dijitali. Tafuta komparata tu. Hapo unabakisha hela nyingi, na kama unapiga ngoma, mialiko, wadudu, matone ya mvua kwenye bati, analogi itakupa ukavu na ukali ambao utauhangaikia sana kwenye Clouds.

Kama sauti zako zinatoka duniani, sokoni, baharini, kwenye ilimba ya babu, chukua moduli yenye kumbukumbu. Rekodi ndefu na kuhariri kimkanda, Morphagene. Kuingiza sauti inayopigwa muda huohuo na kuigandisha katikati, Clouds, kloni yake au Beads. Kama kesi ni ndogo na unapiga jukwaani, tena hapo hapo, kwa nafasi na kwa ule mpangilio wa nobu.

Kama unataka punje zifuate wimbo wenye noti sahihi, yoyote kati ya tatu itafanya, ila kwa analogi weka kwantaiza (inayosogeza volteji iangukie kwenye noti) kati ya S&H na VCO na uiache kesi ipate moto nusu saa kwanza, hapo kuyumba kwa VCO kutasikika.

Na kama una nafasi ya njia mbili, mchanganyiko ninaoutumia mimi mpaka sasa ni huu: komparata ya analogi inatoa triga ovyo, zinaingia kwenye tundu la triga la Clouds, nobu ya wingi nimeiacha katikati ili yenyewe isitoe chochote. Wakati wa kupanda punje unaamuliwa na noizi ya analogi, nafaka inatoka kwenye rekodi ya mkaa. Anza na kizingiti juu kabisa, subiri mwaliko wa kwanza, halafu shusha polepole.